Bakuli Chini ya Bomba

Kiyoyozi kilikuwa hakijawaka tangu asubuhi, na bado kilikuwa kinadondosha maji.

Bi Usafi alisimama kwenye korido, kidole juu ya kitufe cha ukutani, akatega sikio. Taa ndogo ya kijani iliwaka kama kawaida na namba za joto zikaonekana. Lakini kule juu ya dari, ilikolazwa mashine kubwa iliyopuliza baridi kwenye vyumba vyote vya nyumba, hakukuwa na mngurumo. Kulikuwa na tone. Kimya. Tone.

"Mashine imelala, jasho inalitoa wapi?" alijiuliza, akabonyeza tena.

Jina la Bi Usafi alipewa kazini, hotelini, alikokuwa akisimamia wasafishaji wa vyumba, na hakuwa mtu wa kulikasirikia. Alikuwa mwanamke wa kupitisha kidole juu ya fremu ya mlango wa watu kabla hajajibu salamu. Wenye midomo yao walisema hata sabuni ikimwona hunawa kwanza. Na joto la mwezi ule halikuwa na adabu kabisa. Kuta zilikuwa za moto kufikia saa nne asubuhi, na nyumba ile, iliyojengwa madirisha madogo kwa kuitegemea mashine, ikageuka tanuri.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Mama mkwe aliishi humo pamoja na Bi Usafi na mumewe, hadi siku ya bakuli.

Nyuma ya jiko kulitokeza kibomba chembamba cha kutolea maji ya kiyoyozi, na chini yake bibi yule aliweka bakuli la bati, kuukuu, limechubuka ukingo. Mchana kutwa lilijaa. Asubuhi lilikutwa kavu, na hakuna aliyemwona mtu akilimwaga. Bi Usafi alilivumilia kwa miaka, kisha mbu wakamshinda.

"Mama, hili ni shamba la mbu."

"Liache, mwanangu. Si kila kitu kinasafishwa."

Akalitupa kwenye pipa la taka. Akaita mtu wa mabomba, akaunganisha kibomba kile moja kwa moja na mtaro wa maji machafu. Mama mkwe hakugomba. Alifunga nguo zake, akasimama kidogo kwenye korido akiitazama dari, akasema, "Mimi nilikuwa namnywesha. Sasa mtajuana naye." Kisha akaenda kuishi kwa mwanawe mdogo, upande wa pili wa mji.

Bi Usafi aliisimulia hadithi hiyo kazini akacheka hadi akashika mbavu. Akaongezea na ile nyingine aliyoizoea: kwamba siku ya kumzika mumewe, kikongwe yule hakutoa hata tone la chozi. "Yule hapa ana jiwe," alisema, akijigonga kifua. Watu wakatikisa vichwa. Ndiyo raha ya kumsema mtu asiyekuwapo, hana pa kukukatiza.

Sasa kiyoyozi kilikuwa kimegoma. Mumewe, mtu wa ofisi ya bima aliyeamini kila kitu kina maelezo yake, alirudi mchana akavua shati, akaanza kuchunguza. Akabadilisha betri za kile kidude cha ukutani. Akafungua boksi la umeme, akazima swichi zote akaziwasha. Akachomoa chujio la vumbi, akalikuta safi kama sahani, maana mkewe alilifua kila wiki. Akatoka nje kuitazama ile sehemu ya feni, akaipiga kofi.

"Baba Chiriku, unaitibu au unaiadhibu?"

"Umeme upo. Kila kitu kipo. Haitaki tu."

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee, na jina lilimstahili. Alianza kusema kabla macho hayajafunguka, akaendelea hata chakula kikiwa mdomoni. Siku ile alikuwa ameketi sakafuni akiwa kimya, midomo imempasuka pasuka. Asubuhi mama yake alimnywesha dawa ya kikohozi, ile nyekundu ya watoto yenye harufu ya pipi, akidhani ni kifua.

"Mama," alisema, "sina mate."

"Kunywa maji."

"Nimekunywa. Yanaondoka."

Aliinuka kwenda jikoni, akajikwaa kwenye zulia, akaanguka na kuchuna goti. Akalia kwa kelele zote za mtoto aliyeumia. Mama yake alimwinua, akampangusa mashavu kwa kiganja, kisha akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Mtoto alikuwa analia kwa mdomo tu, macho yake yamekakamaa kama ya mwanasesere.

Juu ya dari, tone.

Fundi wa viyoyozi alikuja kesho yake, mtu wa makamo mwenye tumbo na mzaha. Alisimamisha ngazi kwenye korido, akasukuma mfuniko wa dari, akaingiza kichwa na tochi. Akacheka.

"Bosi, mashine yenu ni nzima. Inawaoneeni huruma tu. Chini yake kuna sinia la kupokea maji, na ndani ya sinia kuna boya, kama lile la tangi la choo. Maji yakijaa, boya linapanda, linakata umeme ili dari isiwaangukie. Sinia limejaa. Bomba lenu limeziba."

"Si nilikwambia kina maelezo?" mume alimwambia mkewe.

Fundi akaingiza mpira, akawasha pampu yake ndogo, maji yakaanza kuteremka kwenye ndoo. Sebuleni, Chiriku alikuwa akimsimulia mwanasesere wake habari ndefu ya paka wa jirani. Maji yakateremka. Sauti ya mtoto ikapungua. Ndoo ilipofika ukingoni, alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, mdomo wazi.

"Mama, nasikia usingizi," alinong'ona.

"Lala, baridi inakuja."

Na kweli boya likashuka, mashine ikanguruma, matundu ya vyumba vyote yakapuliza. Mume akapiga makofi. Fundi akaanza kukunja mpira. Kisha ngurumo ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Fundi alipanda tena, na safari hii hakucheka. Walimwona miguu tu, imetulia juu ya ngazi.

"Limejaa," alisema. "Nimelikausha sasa hivi, limejaa. Haiwezekani. Maji haya ni unyevu wa hewa, mashine ikipoza ndiyo hewa inatoa maji. Mashine haijafanya kazi hata ya kujaza kijiko." Wakasikia akichota kwa kiganja. "Halafu ya vuguvugu. Kama mwili. Na yananuka... nani humu ndani anakunywa dawa ya kikohozi?"

Ndipo waliposikia. Sauti ilitoka ndani kabisa ya njia ya hewa, nyuma ya mashine, kule ambako bomba la bati lilipinda kwenda chumba cha zamani cha mama mkwe, na ilikuwa sauti ya kunywa, ya mnyama mkubwa mwenye kiu aliyeinamia karai, anavuta, anameza, anapumua, anavuta tena, bila haraka, kama aliye kwake.

Fundi alishuka ngazi bila kuvikanyaga vipago vyote.

"Mama," alimnong'oneza Bi Usafi, wala si mumewe, "humu mnaishi na nani mwingine?"

Akabeba pampu yake akaondoka. Ngazi aliiacha.

Jioni ile Chiriku hakuamka vizuri. Ngozi ya mkono wake ukiifinya ilibaki imesimama. Wakamkimbiza zahanati, muuguzi akamtundikia dripu, akasema ni upungufu wa maji, kwa joto hili wengi wanaletwa, atakuwa sawa. Bi Usafi alikaa kando ya kitanda hadi kulipokucha, akiitazama chupa ikipungua, moja, nyingine, na mtoto akibaki vilevile, mkavu kama ganda la karanga. Maji yaliingia. Hayakukaa.

Asubuhi mumewe alirudi nyumbani kuchukua nguo. Baada ya muda akapiga simu.

"Mama Chiriku, sinia limefurika usiku, linatiririkia korido nzima. Nimepanda kwenye ile ngazi. Naanza kuyamwaga, nikimaliza nawasha, mtoto akirudi akute nyumba ya baridi."

"Sawa, fanya hivyo," alisema, na akiwa bado ameshika simu sikioni akasikia maji yakichuruzika kwenye ndoo, upande wa pili wa mji. Chiriku akajikunja. Midomo yake ilipasuka mbele ya macho ya mama yake, ufa mmoja, halafu mwingine, wala damu haikutoka. Macho yakaanza kuzama.

"Ndoo ya kwanza hiyo," sauti ya mumewe ilisema. "Naimwaga mtaroni."

Mtoto akatoa sauti ya karatasi inayokunjwa.

Bi Usafi hakuwa mjinga. Alikuwa mwanamke wa mpangilio, na sasa mambo yote yalijipanga mbele yake kama mashuka kabatini: bakuli, mtaro, mate, harufu ya dawa, pampu na usingizi. Akapiga kelele hadi wagonjwa wakainuka.

"Usimwage! Baba Chiriku, usimwage! Ni yake! Hayo ni ya mtoto!"

"Ya mtoto vipi? Nimeshamwaga."

"Yote?"

"Si ndiyo nilikwambia? Yote."

Alimwita mumewe aje akae na mtoto. Alipofika hakumweleza kitu, maana hakuwa na maneno ya kumwelezea mtu wa bima. Akaenda kwa mama mkwe wake.

Alimkuta amekaa kitandani kwenye kachumba kadogo, anakunja nguo za wajukuu. Bibi hakumtazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anakufa?"

"Chiriku."

Mikono ikasimama. "Akilia, anatoa machozi?"

"Hapana."

"Maji yaliyo juu?"

"Baba yake ameyamwaga."

"Naam," alisema mama mkwe. "Maji yakimwagika hayazoleki. Tunalisema kila siku, hatujui tunachokisema." Akaliweka chini gauni dogo alilokuwa amelishika. "Kaa. Usinililie, sina muda wa kukubembeleza. Mumeo alikuwa mdogo kuliko huyo Chiriku. Tulikuwa tumehamia karibuni, baba mkwe wako anajivunia mashine yake kwa kila mgeni. Yule tulimkuta humo. Usiniulize katoka wapi, nyumba zina wenyewe. Mtoto akaanza kukauka. Mafundi wakaja wakakausha sinia, na kila wakikausha mwanangu anarudi nyuma hatua. Nikasimama chini ya ile dari nikamwambia, mwache mtoto, chukua yangu. Akaniuliza, yapi? Nikasema, ya machoni."

Akacheka kicheko kifupi, cha uchungu.

"Ujana, bwana! Nilidhani nimemlaghai. Nilikuwa na mume anayenipenda na nyumba ya baridi, ningelia nini? Akakubali. Sharti yatoke kwenye bomba, nimkingie, asikose pa kunywea. Ndilo lile bakuli. Kila nilipopata la kuniliza, macho yalibaki makavu, bakuli ndilo likajaa. Nimemzika mume wangu mkavu kama kuni. Na maneno yenu niliyasikia."

"Mama..."

"Niliyasikia. Kuwa mimi nina jiwe."

Bi Usafi aliinamisha kichwa. Alitamani sakafu ipasuke. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeamini? Wewe uliyekuja na habari za mbu?" Bibi akainama, akavuta mfuko chini ya kitanda, akatoa bakuli la bati, lile lile, limechubuka ukingo. "Nililiokota pipani. Nilikaa hapa nikingojea uje. Ningeweza kuja mwenyewe, na sikuja. Nilikuwa na hasira na wewe, nikasema acha aone. Sikufikiri atamgusa mtoto. Hilo nitalijibu kwa Mungu." Sauti yake ilikatika, lakini macho yalibaki kama kioo. "Yangu yamekwisha, mwanangu. Ahadi yangu imevunjwa, na aliyeivunja ndiye anayelipa. Twende."

Waliingia nyumbani jua likiwa bado kali, na korido ilikuwa baridi. Mashine ilikuwa kimya. Maji yalikuwa yamekauka sakafuni yakaacha alama nyeupe, za chumvi. Palinuka vumbi lililolowa, na juu ya harufu hiyo, dawa nyekundu ya watoto.

"Simama chini ya mfuniko," mama mkwe alinong'ona. "Shika bakuli. Akikuuliza, sema yote, ya sasa na ya baadaye. Ukimbania, atatafuta kwingine. Na chochote atakachokufanya usoni, usikwepe."

"Atanifanya nini?"

Bibi alienda kwenye pembe ya korido. Akageuka ukutani kama mtu anayemsitiri mwenzake anayeoga.

Bi Usafi aliinua bakuli. Mwanzoni hakuna kilichotokea, kisha matundu ya hewa yakaanza kunong'ona, la sebuleni kwanza, halafu la jikoni, halafu ya vyumba vyote kwa pamoja, na minong'ono ile haikuwa ya kigeni, ilikuwa ni maneno ya Chiriku, yale yote aliyoyanyamaza tangu joto lianze, habari ya paka wa jirani, majina ya wanasesere, mama nitazame, mama njoo, mama sina mate, yakipishana na kugongana juu ya kichwa chake, na mfuniko wa dari ukasogea wenyewe, taratibu, kama unaosukumwa na mtu asiyetaka kuamsha waliolala, na nyuma yake palikuwa na giza ambalo halikuwa tupu, lilikuwa likipumua, na pumzi yake ilikuwa ya baridi na yenye kiu.

"Umekuja na nini?" giza lilimuuliza, kwa sauti ya mwanawe.

Meno yake yaligongana. "Machozi."

"Ya nani?"

"Yangu. Yote. Ya leo na ya kesho. Muache mwanangu."

"Lia basi."

Na alilia. Alimlilia mtoto wake aliyelala zahanati na midomo yenye nyufa, akamlilia kikongwe ambaye yeye mwenyewe alimcheka mbele za watu, akalia kwa aibu na kwa hofu, akijua kwamba huko ndiko kulia kwake kwa mwisho duniani, na hilo nalo likamliza, na hakuna chozi lililofika kidevuni, kwa sababu kitu kilikuwa kimeinama toka darini, hakionekani, na ulimi wake, mpana, wa baridi, wenye miba midogo kama wa paka, ulikuwa ukimlamba mashavu, kope, ndani ya kope, ukirudi na kurudi kwa utulivu wa mwenye haki, mpaka macho yake yakawaka kama yametiwa mchanga, na bado aliyafumbua wazi asikwepe, na bado aliyashika yale mawazo ya uchungu asije akakauka mapema.

Kisha mfuniko ukajifunga. Mashine ikanguruma.

Simu yake ikalia mfukoni. "Mama Chiriku!" mumewe alikuwa anapiga kelele. "Ameamka! Analia, anataka uji, analia machozi, yanamtiririka mpaka shingoni! Dripu imemsaidia!"

"Alhamdulillahi," Bi Usafi alisema. Kifua chake kilijaa shukrani mpaka kikauma, akangoja uso wake ulowe. Haukulowa.

Mama mkwe alirudi nyumbani, na mtu wa mabomba akaitwa kukitenga kile kibomba na mtaro. Bakuli likarudi mahali pake. Kila jioni Bi Usafi aliosha kila chombo jikoni isipokuwa hicho. Bibi alimfundisha mambo ambayo hakuna mwingine angeweza kumfundisha. "Kwenye misiba jifunike mtandio mpaka hapa. Inamisha kichwa, tikisa mabega. Watu wanahesabu machozi, mwanangu, hawahesabu kitu kingine." Wakati mwingine walikaa nyuma ya jiko, wawili hao wenye macho makavu, wakasikiliza bomba likidondosha, wakacheka kwa mambo ambayo mtu mwingine angeyalilia. Bi Usafi hakuwa amepata kumpenda mtu mzima hivyo, hata mama yake mzazi.

Joto liliporudi mwaka uliofuata, bibi akafariki usingizini.

Siku ya mazishi, Bi Usafi alisahau mtandio. Uchungu ulimshika kiasi cha kusahau kila alichofundishwa. Alikaa katikati ya wanawake, uso wazi, mikono magotini, anatazama mlango ambao jeneza lilipitia. Ndani yake kulikuwa na kilio ambacho kingeweza kuangusha nyumba. Usoni hakukuwa na kitu.

"Muoneni," alisema wifi yake, wala hakushusha sauti. "Hata tone. Alimfukuza akiwa hai, leo amekuja kuhakikisha amekufa."

"Yule hapa ana jiwe," mwingine akaitikia, akijigonga kifua.

Chiriku, macho yamemvimba, alimvuta mama yake mkono.

"Mama, kwani bibi hukumpenda?"

"Nilimpenda."

"Mbona hulii?"

Bi Usafi aliinuka. Akatembea katikati ya macho ya watu, akapita korido hadi nyuma ya jiko. Mashine ilikuwa imezimwa kwa heshima ya msiba; alikuwa ameizima yeye mwenyewe. Bomba lilikuwa likichuruzika. Halikuwa likidondosha, lilichuruzika mfululizo, kwa kwikwi, linakatika na kuanza tena, kama mtu aliyefiwa. Bakuli lilikuwa limejaa pomoni. Alichovya kidole akakiweka ulimini. Chumvi.

Maji yakaanza kupungua bakulini mbele yake, polepole, bila kumwagika, na palisikika kuvuta na kumeza.

Alimngoja amalize. Kisha akalisogeza bakuli vizuri chini ya bomba, lisipotee tone, akarudi ndani kuwapakulia chakula waliokuja kuomboleza na kumsema.